Mwanafunzi wangu kaambiwa anatetea magaidi: nimfundishe nini?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika sekondari moja ya Ilemela, Mwanza, na ndiye mlezi wa klabu ya midahalo. Muhula huu mada yetu ni "Katika vita dhidi ya ugaidi, mzalendo wa kweli haihoji serikali yake." Kwenye mdahalo wa majaribio, binti mmoja wa kidato cha tano alikuwa upande wa kupinga. Kijana wa upande wa pili alimwambia mbele ya ukumbi mzima, "Wewe unatetea magaidi." Ukumbi ukalipuka kwa makofi, binti akakaa chini bila kumaliza. Baadaye mkuu wa shule alinishauri tuachane na mada hiyo, turudi kwenye ile ya elimu na pesa. Sitaki kukimbia, lakini sitaki pia kuwaponza watoto. Nimfundishe nini huyu binti, na niuendesheje mdahalo wenyewe?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na umpe pole binti. Mkuu wako simlaumu, yeye anaangalia mbali kuliko klabu ya midahalo. Ila mada ya elimu na pesa imeshawachosha hata waamuzi, na hawa watoto wamezaliwa baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, wamekua wakisikia habari za ugaidi kwenye taarifa ya habari tangu wajue kusikia. Wana haki ya kujadili. Ushauri wangu ni kubadili maneno ya mada na kubaki na jambo lenyewe. Nitafika huko.

Tuanze na kilichotokea ukumbini. Kila penye tukio la ugaidi kuna maswali matatu. Nani kafanya? Hilo ni la mpelelezi na hakimu. Tufanye nini lisitokee tena? Hilo ni la bunge, polisi, uhamiaji na sisi wananchi wenyewe. Nani ni mwenzetu na nani si mwenzetu? Hilo ni la jukwaani. La kwanza linadai ushahidi, la pili linadai akili na fedha, la tatu linadai kipaza sauti tu. Msemaji aliyebanwa kwenye mawili ya mwanzo hukimbilia la tatu. Binti yako aliuliza la kwanza na la pili, akajibiwa la tatu, na ukumbi ukadhani amejibiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumfundisha ni kwamba asijitetee. Akianza kuapa kwamba naye anaipenda nchi yake, ameshahamia uwanja wa mwenzake, na dakika zake zitaishia kwenye viapo. Aseme tu: "Mheshimiwa mwenyekiti, niliuliza kuhusu ushahidi, nimejibiwa kuhusu mimi. Naomba swali langu lirudi mezani." Aseme bila kupandisha sauti, kisha aendelee na hoja yake kana kwamba hakuna aliyepiga makofi.

Kijana wenu hakubuni mbinu hii. Tarehe 20 Septemba 2001 Rais George W. Bush alisimama mbele ya Bunge la Marekani akaziambia nchi zote zichague: ama ziko pamoja na Marekani, ama ziko pamoja na magaidi. Siku sita nyuma, mbunge Barbara Lee alikuwa ndiye pekee aliyepiga kura ya hapana, dhidi ya kura 420, kupinga kumpa rais ruhusa pana ya kutumia jeshi. Alitishiwa maisha hadi akawekewa ulinzi. Mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ambayo herufi zake za mwanzo zilipangwa makusudi zisomeke "Patriot", yaani mzalendo, ili anayeipinga aonekane anapinga uzalendo, na katika Seneti aliyethubutu kuikataa alikuwa Russ Feingold peke yake. Ruhusa ile ya kijeshi ilikuja kutumika kwa miaka mingi, katika nchi ambazo wapiga kura wake hawakuwa wamezifikiria. Hilo ndilo Lee alilolionya siku ile, na hakuna aliyemjibu kwa hoja.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana binti yako akienda jukwaani akidhani hofu ya ugaidi ni ya kupikwa, atashindwa, na atastahili kushindwa. Nchi hii imeumizwa. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulilipuliwa, watu 11 wakafa, wakati huohuo Nairobi wakifa zaidi ya 200. Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha, na mwezi uliofuata jingine likarushwa kwenye mkutano wa kampeni mjini humo humo. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo mmoja Kibiti, katika mfululizo wa mauaji ambamo viongozi wa vijiji na vitongoji walikuwa wakipigwa risasi milangoni kwao. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Na hapo kwenu Mwanza, Mei 2016, watu waliojifunika nyuso waliingia msikitini Ibanda, Mkolani, wakati wa sala ya Isha, wakaua watatu. Wanafunzi wako wengi walikuwa wadogo mno kulikumbuka, lakini wazazi wao wanalikumbuka. Waliouawa walikuwa Waislamu, wako kwenye sala, akiwemo aliyekuwa akiwaswalisha. Kila ukisikia mtu anachora picha ya adui kwa kutumia kanzu na ndevu, kumbuka Ibanda: ukiifuata picha hiyo, marehemu ndio wanaofanana na adui.

Upande wa kuunga mkono wana hoja nyingine nzito: upelelezi hauwezi kufanyika hadharani. Ukitangaza unachokijua, unamwonyesha mtuhumiwa mlango wa kutokea, na unamchongea mtu aliyekuletea habari. Kibiti ilikuwa hatari kuonekana ukiongea na polisi. Mwenye kudharau hoja hii hajawahi kuishi mahali ambapo mjumbe wa mtaa anaogopa kulala kwake.

Lakini usiri wa mpelelezi ni kitu kimoja, na kuwanyamazisha wanaouliza ni kitu kingine. Kwa hili nina mfano wa ziwani kwenu, na ningependa wanafunzi wako waujue kuliko mfano wowote wa Marekani.

Tarehe 21 Mei 1996 asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imejaza kupita uwezo wake, na waliokufa walizidi 800. Msiba huo kila nyumba ya Kanda ya Ziwa inaujua. Wasichokijua wengi ni kwamba kati ya waliozama alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, mkuu wa kijeshi wa Al-Qaida na msaidizi wa karibu wa Osama bin Laden. Alikuwa Afrika Mashariki akijenga mtandao uleule uliokuja kulipua balozi mbili miaka miwili baadaye. Alipanda meli kama abiria wengine, akafa kama abiria wengine.

Kisha kikatokea kitu ambacho kinanifikirisha hadi leo. Wenzake hawakuwa na hakika kama kweli amekufa. Iliwabidi watume watu waje ziwani kuulizia, akiwemo Fazul Abdullah Mohammed, yule Mkomoro aliyekuja kutajwa kuwa mpangaji mkuu wa shambulio la Nairobi. Walikuja, wakauliza, wakaondoka. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, kwa hiyo hata sisi wenyewe hatukuweza kusema kwa uhakika nani alikuwamo. Meli iliyojaza abiria bila kuwaandika iliwaua watu wetu kwa mamia, na meli hiyohiyo iliweza kumbeba kamanda wa Al-Qaida bila afisa yeyote kushtuka.

Sasa fikiria mwananchi ambaye mwaka 1995 angesimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza: kwa nini meli hii inajaza hivi, kwa nini abiria hawaandikwi? Angeitwa mlalamishi, pengine mtu asiyelitakia mema shirika la umma. Lakini swali lake lingegusa uzembe uliotuzamisha na upofu uliompitisha al-Banshiri, vyote kwa pamoja. Usalama wa nchi kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuchosha: orodha ya abiria, mhuri wa uhamiaji, kizuizi cha barabarani, karani anayegoma kupokea kitu kidogo. Fazul mwenyewe, baada ya kusakwa duniani kwa zaidi ya miaka kumi na kuwekewa donge nono, aliuawa Juni 2011 kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu, gari lake lilipopotea njia likaangukia mikononi mwa askari waliokuwa kazini. Haikuwa hotuba iliyomnasa.

(Kuna atakayesema ukumbini kwamba ajali za majini zimeua watu wa ziwa wengi kuliko mabomu, akiongezea MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 ikaua zaidi ya 220. Ni kweli. Ila mwambie aitumie hoja hiyo kwa uangalifu. Kumhesabia maiti mtu aliyefiwa na bomu ni njia ya haraka ya kuwapoteza wasikilizaji, na muuaji wa makusudi hutisha kwa namna ambayo uzembe hautishi. Swali lenye nguvu ni hili: fedha na wasiwasi wetu tunavigawaje?)

Baada ya hapo aje kwenye mahakama. Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania, alikamatwa Pakistani mwaka 2004 kwa mashtaka ya kushiriki mlipuko wa Dar es Salaam, akawekwa kwenye magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, kisha Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Kuba. Alipofikishwa mahakama ya kiraia New York mwaka 2010 alikuwa na mashtaka 285 ya jinai. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kwa kumbana mtuhumiwa kwa mabavu huko kizuizini. Baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa shtaka moja tu kati ya yote 285. Alipewa kifungo cha maisha kwa hilo moja, lakini katika kesi hiyo familia za waliouawa hazikupata hukumu ya mauaji hata moja. Anayeuliza "ushahidi huu mmeupataje?" anadhaniwa anamtetea mtuhumiwa. Kwa Ghailani, lau swali hilo lingeulizwa mapema na likasikilizwa, waliofiwa Dar es Salaam ndio wangefaidika nalo kwanza.

Hii ndiyo hoja ninayotaka binti aijenge, na aijenge polepole: ukali wa maneno mara nyingi huingia mahali pa kazi ambayo haijafanyika. Kiongozi mwenye ushahidi anapeleka ushahidi. Asiye nao anauliza nani mzalendo.

Atajibiwa kwamba Mwalimu Nyerere naye alitumia maneno makali. Alitumia, tena redio ya kila nyumba ya Kagera na Mwanza ilikuwa imewashwa. Lakini isikilizeni hotuba ile ya tarehe 2 Novemba 1978 kwa masikio ya mdahalo, maana ni somo zuri kuliko kitabu chochote cha ufasaha. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Watu hukumbuka mapigo ya sentensi, wanasahau kilichokuwa ndani yake. Adui alikuwa na jina, Idi Amin. Alichokifanya kilionekana kwa macho, majeshi yake yalikuwa yamekalia ardhi kaskazini ya mto Kagera. Mwalimu aliwatenganisha Amin na watu wa Uganda, hakumwambia Mtanzania amtilie shaka jirani yake Mganda. Na vita ile ilikuwa na mwisho unaopimika: Kampala ilianguka Aprili 1979. Hata kufunga mkanda tuliambiwa ni miezi 18. Mkanda ulikaa kiunoni muda mrefu kuliko hapo, wazee wako watakuambia, lakini angalau kulikuwa na namba ya kumdai mtu.

Linganisha na vita dhidi ya ugaidi kama inavyohutubiwa. Adui ni nani? Anabadilika. Mpaka uko wapi? Hakuna. Itakwisha lini? Usiulize. Mambo matatu yaliyoifanya hotuba ya 1978 kuwa ya uaminifu hayamo, yaliyobaki ni mapigo ya sentensi. Kijana wa upande wa kuunga mkono akimnukuu Mwalimu, binti amwombe avitaje hivyo vitatu.

Hoja moja nakushauri uizuie isitumike ovyo, ile ya "gaidi wa jana ni shujaa wa leo." Ina ukweli wake. TANU ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na waliokuwa wakiipigania Usukumani waliitwa wachochezi. Waingereza waliwaita Mau Mau magaidi, na mwaka 2013 serikali yao ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya wazee 5,000 walioteswa kizuizini. Wareno waliwaita Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, magaidi wakati sisi tukiwapa makao Dar es Salaam. Wanafunzi huipenda sana hoja hii kwa sababu inasisimua. Lakini haifuati kwamba kila anayeitwa gaidi atakuja kuwa shujaa. Waliowachinja wanavijiji Cabo Delgado hawangojei kumbukumbu ya kuwasafisha. Kitendo ndicho kipimwe: nani alilengwa, kwa njia gani. Historia ya TANU inathibitisha jambo dogo zaidi, nalo linatosha: serikali inaweza kukosea inapompa mtu jina.

Hapo tunafika kwenye sehemu inayomkosesha mkuu wako usingizi, na sitajifanya haipo. Tarehe 21 Julai 2021, usiku, Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa hapo Mwanza alikokuja kwa kongamano la Katiba mpya. Siku chache baadaye alisomewa Dar es Salaam mashtaka yakiwemo ya kufadhili ugaidi, pamoja na watu watatu waliowahi kuwa wanajeshi. Mashtaka ya ugaidi hayana dhamana. Februari 2022 mahakama ilisema wana kesi ya kujibu, na tarehe 4 Machi Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi. Mahakamani haikuthibitishwa kwamba ni magaidi, wala hawakupata fursa ya kujitetea hadi mwisho wakaachiwa kwa hukumu. Kwa miezi saba nchi ilikuwa na makundi mawili yakipigiana kelele, moja likisema gaidi, jingine likisema shujaa, na kesi ikaisha bila kumjibu yeyote.

Haikuwa ya kwanza. Mwaka 2013 Wilfred Lwakatare, mwanasiasa wa Bukoba, alishtakiwa kwa ugaidi, Mahakama Kuu ikayaondoa mashtaka hayo baada ya wiki chache. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu kutoka Zanzibar, walikaa mahabusu zaidi ya miaka sita, wakaachiwa Juni 2021 mashtaka yalipoondolewa. Kwenye mdahalo wa shule nisingewaacha wanafunzi wabishane kama hawa watu walikuwa wema au wabaya. Wayataje kwa tarehe na hatua ya mahakama, basi. Tarehe na hatua zinabeba hoja bila kumpigia yeyote kampeni: jina hilo peke yake, kabla ya chochote kuthibitishwa, linaweza kumgharimu mtu miaka. Wasome pia Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 yenyewe. Watakuta kwamba inaviweka kando maandamano na migomo isiyokusudia kudhuru watu. Walioitunga waliona hatari ya jina hili kumwangukia asiyestahili, na wanafunzi wako wanaweza kusema hivyo wakiwa wameishika sheria ya nchi mkononi.

Halafu kuna dalili. Watasema gaidi anajulikana kwa hiki na kile. Wewe ni mwalimu wa Historia Usukumani, huna haja ya mfano wa mbali: mnajua bibi vikongwe wangapi waliuawa kwa sababu ya macho mekundu. Moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe uliyafanya macho yao mekundu, kijiji chenye msiba na hofu kikasoma uchawi. Hofu ilikuwa ya kweli, mtoto alikuwa amekufa kweli, ushahidi ndio haukuwepo. Na katika mikutano ile, aliyesema "ngojeni kwanza" naye aliulizwa yuko upande gani. Methali ya lisemwalo lipo imepeleka watu makaburini, isikubaliwe kama hoja katika mdahalo wako.

Kenya walijaribu njia ya dalili. Aprili 2014 walifanya operesheni iliyowakusanya maelfu ya watu, wengi Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, baadhi wakazuiliwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, wakafa 148. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilipowahoji vijana wa Afrika waliojiunga na makundi haya kwa hiari yao, matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha kuwa asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Na kinyume chake ni basi la Mandera, Kenya, Desemba 2015. Al-Shabaab walilisimamisha wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria wakakataa kutenganishwa. Salah Farah, mwalimu mwenzako, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo akafa mwezi uliofuata. Mada inayozungumzia mzalendo wa kweli ingepaswa kumtaja mtu huyu kabla ya kumtaja mwanasiasa yeyote.

Sasa mdahalo wenyewe. Tatizo la mada yako ni kwamba maneno "mzalendo wa kweli" yamelibeba swali la tatu ndani yake. Kijana aliyemzomea binti alifuata tu mahali mada ilipomwelekeza. Weka hii: "Serikali ikimshtaki raia kwa ugaidi, sheria iiwekee muda wa mwisho wa kupeleka ushahidi mahakamani." Wa kuunga mkono wana mahabusu bila dhamana, wana Uamsho, wana haki ya waliofiwa kuona kesi ikiisha. Wa kupinga wana mashahidi wanaohitaji kulindwa, uchunguzi unaovuka mipaka na kusubiri nchi nyingine zijibu, wana hatari ya mtu hatari kuachiwa kwa sababu kalenda imekwisha. Pande zote mbili zinaweza kuwa za wazalendo, na hakuna atakayeulizwa nani anaipenda nchi.

Mengine ni madogo ila yana uzito. Makofi yangoje msemaji amalize. Anayemwita mwenzake msaliti au gaidi apoteze alama, asikatizwe. Usiwaite viongozi wa vyama wala wa wilaya kuwa waamuzi, tafuta wakili mmoja wa mjini na walimu wawili wa shule nyingine. Wanafunzi wa Kiislamu usiwapange wote upande mmoja, na mtu asimwombe yeyote kati yao "alaani" kitu kwanza ndipo azungumze. Simu zikusanywe mlangoni. Kipande cha nusu dakika kwenye WhatsApp ndicho kitakachomletea mkuu wako matatizo, hoja za dakika saba hazitamletea. Na mpe mkuu, wiki moja kabla, karatasi yenye mada mpya na tarehe zote mtakazotaja. Wakuu wengi wa shule huogopa wasichokisoma.

Binti umpange upande wa kupinga muda wa mwisho, atetee serikali kwa nguvu zake zote. Yule kijana umpe upande wa kudai ushahidi. Yeye ndiye utakayehitaji kukaa naye zaidi: makofi aliyapata kabla ya kuandaa hata hoja moja.